Kompyuta Isiyovuma

Zuhura, mwanangu,

Umekwenda Mlingotini kumuaga shangazi yako, na Seifu ameshuka mjini kutafuta kamba ya kufungia sanduku lako. Nyumba ni yangu peke yangu mpaka magharibi. Nimeona nikae niandike sasa, maana kesho asubuhi ukiwa mlangoni nitakuwa nalia, na mtu anayelia midomo yake haisomeki. Siku hizi unatusoma midomo. Ulidhani sijui.

Sitakwambia ule vizuri, wala sitakwambia kwamba Dodoma asubuhi kuna baridi. Sweta nimeshaliweka juu kabisa ya nguo. Nataka kukuandikia habari za ile kompyuta. Najua hupendi tena kuizungumzia, na sikulaumu. Lakini kuna mambo yake ambayo mimi na Seifu tuliyafanya ukiwa haupo, na sitaki uondoke huyajui.

Kwanza niseme jambo linalonitia haya. Mimi nina furaha. Nimeolewa nikiwa na umri wa kuozesha, na nimempata mume ambaye akiingia ndani nasimama, halafu sijui nimesimama kufanya nini. Asubuhi ananichotea maji ya kuoga kabla sijaamka. Ananiita bibi harusi mbele ya wachuuzi, na sasa soko zima la samaki linaniita hivyo, hata wale wanaotaka kuniuzia vibua vilivyolala. Nikikaa kwenye cherehani nashona mto huku namuwaza, nashtuka nimefunga pande zote na sikuacha pa kutilia sufi. Wewe umeniona, umenicheka. Mama mwenye furaha kama hii angetakiwa awe nayo yote bila kutoa kitu. Lakini mwaka uleule ulioniletea Seifu ndio ulioanza kukuondolea masikio, na mimi nimekaa katikati, sijui usoni nivae nini.

Unamkumbuka yule daktari wa Dar, aliyezungumza akiniangalia mimi, na wewe umekaa pembeni yangu kama mzigo nilioubeba. Alisema mishipa ya ndani ya masikio yako inakufa kidogokidogo, na ikishakufa hairudi. Nikamuuliza kama kuna dawa. Akasema hakuna. Nikamuuliza tena kwa maneno mengine, naye akanijibu hakuna kwa maneno mengine. Kifaa cha kuvaa sikioni alisema kitakusaidia kwa muda, ila kisitupe matumaini makubwa. Tulipotoka nje mimi ndiye niliyekaa chini ukingoni mwa barabara. Wewe ukaninunulia maji, ukaniambia, "Mama, yaliyobaki yananitosha. Nitayatumia vizuri."

Nakumbuka nilikuamini. Na kazi yako yote ilikuwa ya masikio. Watu walikuletea video za harusi uwatilie maneno, walikuja wenye kaswida, walikuja wenye matangazo ya maduka. Ulitundika godoro dirishani ili bajaji zisiingie ndani ya kinasa sauti. Mji mzima ulijua kwamba ukitaka sauti safi uende kwa Zuhura. Kilichokuwa kikikusumbua kilikuwa humohumo chumbani, ile kompyuta ya zamani. Feni yake ilinguruma kama mashine ya kusaga mahindi.

Siku ya ndoa yangu ulitaka kunipa zawadi. Kwa desturi yetu bibi harusi hakai pale ndoa inapofungwa. Nilikuwa chumbani na wanawake, nimefunikwa ushungi, natoka jasho, na sebuleni Seifu anamjibu shehe kwamba amekubali kunioa. Neno hilo kubwa kuliko yote mimi mwenyewe sikulisikia. Niliambiwa tu na kina mama walioanza vigelegele. Ukaniahidi kwamba umelinasa kwa ile kompyuta, uliyoihamishia sebuleni, na utanipa nilisikilize mpaka nichoke.

Halafu tukaisikiliza. Shehe anasikika, maana shehe ana sauti ya kuita mbuzi. Ikafika zamu ya Seifu, na unajua Seifu akiwa na haya anavyozungumza ndani ya kifua. Tulisikia mngurumo mtupu, halafu vigelegele. Ulikaa na mngurumo ule siku nzima ukijaribu kuutoa. Jioni ukaniita nikae, ukaniambia sauti yake na ya feni zimekaa mahali pamoja, ukiitoa moja na nyingine inatoka nayo. Ulikuwa karibu kulia. Seifu akasema kutoka mlangoni, "Mimi nilikubali siku ile, nimekubali leo asubuhi, sasa mnataka nikubali mpaka wapi?" Tukacheka wote. Lakini wewe hukuliacha. Ulisema hutanasa tena sauti ya mtu mbele ya mashine ile, utajenga nyingine ambayo ikiwashwa hutajua kama imewashwa. Na nikaelewa bila kuambiwa kwamba kuna sababu ya pili. Masikio yaliyobaki yalikuwa machache, na hukutaka kuyatumia kusikiliza feni.

Zile zilikuwa siku nzuri, mwanangu. Naziandika ili uzikumbuke pamoja na nyingine. Vipande vilikuja kutoka Kariakoo kimoja kimoja, na kila kimoja ulikitoa kwenye kasha lake kama mtu anayemtoa kifaranga kwenye yai. Seifu, kwa kuwa ni fundi wa majokofu, alijiona mwenye nyumba. Alisema kitu cha moto kinataka upepo, kwa hiyo ziwekwe feni ndogo nyingi na zikimbie. Ukamwambia, "Baba Seifu, hii siyo friji ya kuwekea samaki. Feni ndogo ili itoe upepo lazima ikimbie, na ikikimbia inapiga kelele. Feni pana inazunguka taratibu, na upepo ni uleule." Akafikiri kidogo, akasema kumbe ni kama yeye na mimi, yeye anahangaika mjini kutwa nzima na mimi natembea polepole nyumbani na kazi inakwisha. Nilimpenda upya hapohapo, na wewe ukageuza macho.

Mkaweka feni mbili pana, na kile chuma kirefu cha kupoozea chenye mapezi mengi membamba, kinachokaa juu ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kuinyonya moto. Ile dawa nyeupe inayopakwa katikati yake Seifu aliipaka kama anapaka siagi mkate, ukaifuta yote ukamwonyesha kwamba inatakiwa kama punje ya choroko. Diski uliyonunua ni ile isiyozunguka, nayo haina sauti hata ukiiwekea sikio. Seifu akakata ndala zake kuukuu, akatengeneza vipande vya raba vya kuweka kati ya feni na bati ili zisiligonge. Siku hiyo ulimsifu. Alitembea nayo ile sifa wiki nzima.

Na mimi nikataka kuchangia. Nilikuwa nashona mito ya kitanda chetu, sufi imejaa chumbani, nikajiambia kelele hufungiwa kwa kitu laini. Ukiwa umekwenda dukani nikaifungua mashine yako, nikaijaza sufi kila penye nafasi, nikaipapasa kwa mapenzi, nikaifunga. Ulipoiwasha ikazimika. Ukaiwasha, ikazimika. Bati lilikuwa la moto kama kikaango. Ulipofungua, sufi ikaruka ikatua kwenye nywele zako na kwenye ndevu za Seifu, nawe ukasema, "Mama, umemvalisha sweta mtu mwenye homa." Tulikaa sakafuni tukiitoa sufi kwenye yale mapezi kwa kibanio cha nyusi.

Kisha ikaja siku ya kuiwasha kweli. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani kwako, Seifu amesimama. Ukabonyeza, taa ikawaka, kioo kikaja. Ukainamisha kichwa karibu na lile kasha, upande wa sikio lako zuri, ukafumba macho. Ukasema, "Kimya kabisa."

Zuhura, ilikuwa inavuma.

Haikuwa kubwa kama ile ya zamani, lakini ilikuwa wazi kama nzi ndani ya chupa. Nilimtazama Seifu naye akanitazama. Niliona mdomo wake ukifunguka na nikamtikisia kichwa. Wewe ukageuka, uso wako unang'aa, machozi yanakutoka kwa furaha, ukamkumbatia Seifu, na ulikuwa hujawahi kumkumbatia kabla. Ukaniuliza, "Si umeona, mama?" Nikasema nimeona. Unaona nilivyochagua neno. Sikusema nimesikia.

Nataka ujue nilichokuwa nakifikiri, si ili unisamehe. Nilifikiri kwamba umepata siku moja nzuri na mimi siwezi kuwa ndiye wa kuiharibu. Na nilikuwa bado na hina mikononi, nilikuwa mtu wa kutaka kila mtu afurahi. Furaha ilinifanya mwoga. Watu husema huzuni ndiyo inayomfanya mtu aseme uongo, lakini mimi nimesema uongo wangu mkubwa nikiwa bibi harusi.

Haikuwa mara ya kwanza kukosea masikio yako. Ulipokuwa darasa la sita, la saba, nilikuwa nikikuita kutoka uani na huitiki. Kwetu mtoto wa kike akiitwa anasema "Abee," hata kama ana chakula mdomoni, na asiyeitika mama yake ndiye anayesemwa. Nilikuita, ukanyamaza. Nikakuita mbele ya majirani, ukaendelea kuchambua mchele umenipa mgongo. Nilikuja nikakupiga kofi, nikakuambia una kiburi cha marehemu baba yako. Hukulia. Ukaniangalia kama mtu aliyeamshwa usingizini, ukasema "Abee, mama," kwa sauti ya chini, na baada ya hapo ukawa unakaa mahali unaponiona. Nilijisifu kwa shangazi yako kwamba nimekunyoosha. Miaka yote hiyo nilidhani nimekufundisha adabu, kumbe wewe ndiye uliyejifunza kunitazama ili usipigwe. Yule daktari aliposema kwamba huenda ilianza zamani, ukiwa mtoto, nilikuwa na mkono huu huu mapajani na nikatamani kuuficha.

Basi turudi kwenye mashine. Tangu siku ile, kila ulipotoka, mimi na Seifu tulikuwa tunaifungua. Hukujua. Tuliona kwamba ulishasema ni kimya, kwa hiyo iliyobaki ni kazi ya kulifanya neno lako liwe kweli. Alikata ndala nyingine, zangu safari hii. Akalegeza skrubu, akazikaza, akaifungua ile feni ya ndani ya kisanduku cha umeme na kuitilia mafuta ya cherehani yangu. Mimi nilikuwa nashika tochi na kusikiliza. Nilikuwa masikio yako na wewe hujaniomba. Tulikuwa tunanong'ona, tunacheka, tunashikana mikono kama wezi wachanga, na ninakiri kwamba katika siku zile nilikuwa nayafurahia hata hayo. Kila mara ikapungua kidogo, na kila mara ikabaki. Ukirudi unatukuta tumekaa sebuleni, unakwenda chumbani, unafanya kazi za watu. Tulijipa moyo kwamba pengine kinasa sauti hakiichukui.

Kilikuwa kinaichukua. Ustadhi wa madrasa ndiye aliyekuja na kaswida ya watoto wake kwenye simu, na si mtu mbaya, hakujua anaingia wapi. Alikusalimu vizuri, akakuuliza habari za kazi, kisha akasema amesikiliza na mkewe na watoto wameimba vizuri sana, ila nyuma yao kuna nyuki. Wewe ukamwomba arudie. Akarudia kwa sauti, akidhani hukusikia kwa sababu ya kelele za nje, "Nyuki, Zuhura. Kuna nyuki anavuma mwanzo mpaka mwisho." Ukamwambia utaitengeneza. Ukamsindikiza mpaka barabarani.

Uliporudi hukuenda chumbani. Ulisimama mbele yetu na ukatuuliza, "Mlikuwa mnasikia?"

Seifu ndiye aliyejibu, Mungu amweke, maana mimi nisingeweza. Alijipanga mbele yako ili uuone mdomo wake, akasema, "Tangu siku ya kwanza."

Ukasema, "Mngeniambia ningeizima." Si kwa hasira. Ningependa ungekuwa na hasira. Siku ya pili yake ukamwandikia rafiki yako anayefanya kazi Dodoma, ukamwomba akutafutie kazi na akujibu kwa kuandika, asikupigie. Akakupatia kazi ya kupiga picha karatasi za zamani za ofisi na kuziingiza kwenye kompyuta, karatasi baada ya karatasi, kutwa. Kazi ya macho. Nikakuambia utachoka, ukaniambia huko hakuna atakayekuuliza kama umesikia.

Kwa hiyo unaondoka, na sina hoja ya kukuzuia. Ningekuwa nayo ningekwisha kuitoa. Sitakuambia kwamba mambo yatakuwa mazuri, kwa sababu nimekwisha kukudanganya kwa kunyamaza na sitaki kukudanganya kwa kusema. Daktari alisema hayarudi. Nimeswali, naendelea kuswali, na bado naona kila mwezi unasogeza kiti chako karibu zaidi na watu. Kitu kimoja tu ninachokiomba kwako, na ukikataa nitaelewa. Mtu akisema neno na hujalipata, usitabasamu ukaitikia. Umekuwa ukinifanyia hivyo na mimi nimekuwa nikikuacha, kwa sababu tabasamu lako linanipumzisha. Mchoshe mtu. Mwambie arudie, na arudie tena. Ulinichosha kidogo mno, na hivyo nikachelewa kujua.

Sasa la mwisho, ambalo Seifu alisema nisikuandikie.

Wiki iliyopita, wakati umekwenda kukata tiketi, aliupata ule mvumo. Haukuwa wa mashine. Ulikuwa wa meza. Ile meza yako ina droo tupu chini, na mtetemo mdogo wa feni ulikuwa unashuka kwenye droo, na droo inauitikia kama ngoma. Sisi tulikuwa tunahangaika na feni na raba, kumbe feni hazikuwa na kosa, uliijenga vizuri tangu mwanzo. Akaishusha kompyuta sakafuni, akaiweka juu ya vipande vya raba. Akaiwasha. Tukatazamana. Akatoka kwenda kuwajulisha watu dukani kama mwendawazimu, na mimi nikabaki.

Nikaketi kwenye kiti chako. Nikafunga mlango, godoro bado liko dirishani. Nikabonyeza pale nilipokuona ukibonyeza, nikanasa chumba bila kusema neno, halafu nikavaa vile vya masikioni nikajisikiliza. Nilitaka kuwa na hakika kabla sijakuambia. Nilidhani nitafurahi.

Hakukuwa na kitu. Haukuwa utulivu, mwanangu, utulivu naujua, ni ule wa baada ya alfajiri ambao ndani yake kuna jogoo na mtu anafagia. Hiki kilikuwa hakuna. Nikaongeza sauti mpaka mwisho na bado hakuna. Nikasubiri kitu kije, hata nyuki. Niliona kwenye kioo ule mstari unatembea kuonyesha kwamba wakati unapita, na bila mstari ule nisingejua. Nikaita jina lako, na kwa kuwa nimeziba masikio sikujisikia vizuri hata mimi mwenyewe. Hapo ndipo nilipoogopa, nikavivua, nikafungua mlango, nikakimbia uani bila kanga kichwani. Kuku walikuwepo. Mtoto wa jirani alikuwa anasoma juzuu na kukosea. Bajaji ilipita. Nilisimama pale nikishika kamba ya nguo, nikanywa kila kitu kwa masikio mpaka moyo ukatulia.

Nilikaa ndani ya jambo lako kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai, na nikakimbia. Mimi nilikuwa na uani pa kukimbilia. Nimekaa wiki nzima natafuta kitu cha kukuandikia juu ya hilo, cha kukusaidia, na sijakipata. Nimekuandikia tu ujue kwamba nilifika pale, na kwamba sikuweza.

Mama yako anayekupenda,
Mwanaisha